Mjomba Wako Yuko Wapi

Mjukuu wangu Tumaini amekuja kunifundisha mila zetu. Alikuja kwa ajili ya arobaini ya babu yake. Tukasali, tukala wali, watani wakatutukana vizuri sana mpaka tukacheka machozi ya msiba hayajakauka, watu wakaondoka. Nikadhani na yeye ataondoka, maana anasoma chuo kikuu, na watu wa chuo kikuu wana haraka. Hakuondoka. Akakaa hapa mkekani, makaratasi mapajani, miwani imeteremka puani, akaniambia kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio: "Bibi, unajua Wamakonde wa Newala wana mila moja ya ajabu? Mwanamume akiulizwa kwao ni wapi na mwanamke ambaye ni mtani wake, anataja mahali pasipofikika, ng'ambo ya Ruvuma, ili asifuatwe. Tumefundishwa darasani." Nikamuuliza nani kawafundisha. Profesa. Na profesa kaitoa wapi? Kwenye kitabu, Bibi, mtu alikaa Newala mwaka mzima zamani za ujamaa, akaandika habari za jamii, historia na utambulisho wa taifa. Nikauacha mchi ndani ya kinu, kisamvu kikanitazama. Nikacheka. Hiyo mila, wanangu, naijua. Naijua kuliko profesa. Niliitunga mimi, mchana mmoja, kwa pumzi moja, miguu peku.

Basi mimi nasema, Tumaini anaandika. Nikikohoa anaandika na kikohozi, nimemwona. Mimi shule sikuingia hata siku moja, niliipita kwa nje tu nikipeleka kuni za walimu, kwa hiyo sijui kama anaandika ninachosema au anaandika anachotaka. Hiyo shaka kwangu si ya leo. Ilinianza mwaka ule, na aliyenianzishia ni dada mmoja anaitwa Jeneroza.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa kuolewa. Kwetu ni Chiwata, mimi ni Mmakua, lakini nilikuwa nimepanda huku juu Newala kumsaidia Mama Danieli kwenye hoteli yake. Hoteli nasema mimi. Ilikuwa sebule yenye meza mbili na mabenchi, karibu na ofisi za serikali, ukutani kalenda ya mwaka uliopita kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Walikula hapo makarani na walimu, watu wa mikoa mingine wote, wanalia chumvi, wanalia pilipili, wanalia maji. Hasa maji. Newala ile ukitaka kumjua tajiri unachungulia mtungi wake. Mashine ya kusukuma maji ikilala, na ililala sana mwaka ule, tulishuka bondeni na madebe, alfajiri kwenda, jua la utosini kurudi, mlima umekushika magoti, debe kichwani, na hairuhusiwi hata kupiga chafya. Ukifika na debe limejaa watu wanakusalimia kama umetoka hija. Nikiwa nagawa chakula nilikuwa nasikiliza wateja wanavyosema, kisha jikoni namwigizia Mama Danieli mmoja mmoja, yule wa Moshi, yule wa Tabora, mpaka anashika mbavu. Ndiyo shule yangu. Na Chimakonde nilikisema kama nimezaliwa nacho, na Chiyao cha kugombana nilikuwa nacho.

Jeneroza alishuka kwenye lori la korosho lililotoka Masasi, na sanduku la vitabu, na chandarua, na karatasi yenye mihuri mitatu. Mtu wa Bukoba, mrefu, shingo kama twiga, Kiswahili kimepigwa pasi. "Shikamooni akina mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Nimekuja kuwasikiliza wananchi." Mama Danieli akaitika marahaba, akampa chumba cha nyuma, kisha akaja jikoni akaninong'oneza kwa ile minong'ono yake inayosikika mpaka barabarani: "Mimi sisemi kitu. Nasema tu, tangu lini mtu akasafiri siku nne kuja kusikiliza? Huko Bukoba hawasemi?" Kile chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza, na dirisha dogo. Kuta nilizipaka udongo mweupe mwenyewe, na sakafu niliikandika mwenyewe ikawa laini kama tumbo la sahani. Hiyo sakafu muikumbuke. Chakula cha kwanza nilimpelekea ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, nimeichemsha na chumvi. Akaishika mmoja kwa ncha za vidole, akashangaa kwa lugha ya kwao. "Waitu! Hivi ni vidole vya nani?" Nikamwambia ni vya mgeni wa mwisho. Hakucheka. Akafungua daftari akaandika. Nikasema ehe, huyu ukimtania anaandika.

Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na maswali ya kuandikwa, na mimi ndiye mkalimani. Swali la kwanza nalikumbuka mpaka leo. "Muulize, yeye kwanza ni nani? Ni Mtanzania kwanza au ni Mmakonde kwanza?" Bibi mmoja mwenye ndonya mdomoni, uso mzima umechanjwa chale, kakaa na mtungi wake mkavu, akafikiri, akaniambia mwambie mimi kwanza nina kiu. Nikatafsiri. Akaandika, nakwambieni. Kiu ya bibi yule ikaenda chuo kikuu. Maswali mengine sasa yalikuwa yanawasha. Nani aliishi hapa kabla yenu. Nani alivuka mto kuja huku, lini, kwa sababu gani. Saa ile unaulizwa kuvuka mto, ng'ambo kunapigwa vita. Wenzetu wanagombania uhuru wao na Mreno, na siku upepo ukitoka kusini tuliisikia vita yenyewe, du, du, kama mtu anatwanga kwenye kinu kikubwa, na sufuria za Mama Danieli zinajibu ukutani. Na huku kwetu watu wanaambiwa wahame kwenye mashamba yao, waache mikorosho waliyoipanda, wakakae pamoja vijijini. Halafu anatokea dada na kalamu, anaandika nyumba ya nani iko wapi. Wewe ungesemaje?

Wenyeji wao walisema. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta wa jikoni, wanakunywa chai. Mmoja anasema anaandika nyumba za kubomolewa. Mwingine anasema ametumwa na Mreno, si umeona alivyouliza njia ya mtoni? Mwingine ndiyo kabisa, anasema mumiani, anatafuta damu, lile sanduku haliwezi kuwa vitabu. Na Mzee Likwata, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye alikohoa kabla ya kila neno kana kwamba anapiga hodi, akaniita nyuma ya choo. "Hm-hm. Salome. Yule ntoto wa ntu anaandika nini?" Shikamoo mzee. "Marahaba. Anaandika nini?" Anaandika wanayosema watu. "Hm-hm. Si tumeambiwa kabila limekwisha? Sasa anatuuliza kabila la nini? Wewe nsichana unalala naye nyumba moja. Utazame kile kitabu uniambie." Nikamwambia mzee, mimi sijui kusoma. Akakohoa sana. "Utazame hivyohivyo." Kwa hiyo nikawa jasusi asiyejua kusoma, na nilikuwa namchunguza mtu ambaye wote tulimdhania jasusi. Ningecheka, ila nilikuwa na sababu yangu ya kuogopa lile daftari kuliko balozi na mumiani wake.

Sababu yenyewe ilikuwa inakaa chini ya dirisha la Jeneroza, kwenye kibanda cha makuti, inapuliza makaa. Fundi Yohana. Kazi yake kulehemu madebe. Debe likitoboka Newala ni kama mtu amevunjika mguu, na yule alikuwa daktari wake, anaziba tundu usilione hata kwa kidole. Watu wote walimjua kwa jina Yohana, na wote walidhani ametokea huko chini Masasi. Mimi na Mama Danieli tu ndio tuliojua kwamba Yohana si jina lake na kwamba alivuka Ruvuma akiwa amejifunga kwenye gogo. Kule kwao, Mreno alimbebesha mizigo ya vita. Akamkimbia. Kisha wale wanaopigana na Mreno nao wakambebesha mizigo ya vita. Akawakimbia na wao. Aliniambia siku moja, "Nina mabega mawili tu, Salome, yamekwisha." Sasa mtu wa namna hiyo kwa mwaka ule hana pa kujiandikisha. Waliovuka kwa utaratibu walikuwa kambini, wana karatasi. Huyu akienda kambini wenzake wanamtambua, ndiye yule aliyetupa mzigo akakimbia. Akibaki nje bila karatasi, akigundulika, watu watasema jasusi wa Mreno, na kibaya zaidi, akiwa anapima bati alikuwa anahesabu chinichini kwa Kireno, mdomo wenyewe unamponyoka. Nikimsikia nagonga sufuria ili nimfunike. Nilikuwa nagonga sufuria sana mwaka ule. Mama Danieli akawa ananiambia, "Mimi sisemi kitu. Nasema tu, sufuria zangu zitakuwa vipande, na fundi mwenyewe hajakuoa."

Na jambo moja la kufahamu. Ile karatasi ya Jeneroza yenye mihuri mitatu ilikuwa na sharti. Kila mwisho wa mwezi, Ijumaa, madaftari yanapelekwa ofisini, bwana mmoja mkubwa wa pale anayasoma kwanza. Alikuwa mtu wa bara, tumbo limetangulia, kila kitu kwake "sawasawa kabisa". Akila wali sawasawa kabisa. Akisikia mtu amefungwa, sawasawa kabisa. Kwa hiyo chochote Jeneroza alichoandika, yule bwana anakisoma.

Siku ile yenyewe ilikuwa Jumanne, saa za chai. Jeneroza alishamaliza wazee, akatoka nje, akasema, "Tumemsahau jirani yetu. Naomba nimhoji fundi." Nikasema hajui Kiswahili vizuri. Akasema, "Ndiyo maana wewe upo." Akavuta kigoda. Yohana akanitazama, nikamtazama, nikamwambia kwa Chimakonde jibu kidogokidogo. Swali la kwanza akajibu, yeye kwanza ni fundi. La pili, la tatu, salama. Likaja lile la saba, ulizaliwa wapi na wazee wako walitoka wapi. Na hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la kwetu tu, watu wa huku, mtu wa Bukoba hawezi kulikosea. Kwetu mtu humtambui kwa baba yake. Mtoto ni wa mama, na mkubwa wa ukoo ni kaka yake mama. Kwa hiyo wazee wote nilikuwa nawauliza swali hilohilo kwa Chimakonde hivi: mjomba wako yuko wapi? Nimeuliza vikongwe arobaini, wakajibu, hakuna neno. Ulimi ukazoea. Nikamuuliza na Yohana, "Mjomba wako yuko wapi?"

Sasa fikirini. Msichana hajaolewa. Kijana hajaoa. Msichana anamtazama kijana usoni anamuuliza mjomba wako yuko wapi. Hilo si swali la chuo kikuu. Hilo maana yake watu wangu wakitaka kuzungumza na watu wako, waende wapi? Nililisikia likitoka mdomoni, nikataka kulirudisha, wapi. Yohana akaweka chini chuma cha kulehemu. Akajifuta mikono kwenye suruali. Hakumwangalia Jeneroza kabisa, alikuwa kama hayupo. Akaniangalia mimi, akasema polepole jina la mjomba wake, jina la kijiji, kwamba nyumba imechomwa lakini mjomba yupo hai, amehamia msituni, na mtu akifika ng'ambo akamtaja ataonyeshwa njia. Maana mwanamume anaweza kumdanganya balozi, anaweza kumdanganya askari, lakini akiulizwa swali lile na msichana akadanganya, amejiharibia mwenyewe, huyo hana ukoo. Hicho kijiji sikitaji hapa. Moyo wangu, sijui niseme nini, ulikuwa unacheza ngoma na unalia msiba kwa wakati mmoja.

"Amesema nini?" Jeneroza kauliza. Kalamu iko hewani. "Nimesikia jina la kijiji. Si ndicho kinachotajwa kwenye redio, kwenye habari za vita?"

Unaweza kugeuza kila neno la mtu ukitafsiri, lakini jina la mahali halitafsiriki. Limeshatoka, lina masikio yake. Nikacheka. Nikacheka kile kicheko changu kikubwa cha hotelini, nikapiga na makofi. "Dada, anatania huyu!"

"Anatania?"

"Utani! Mimi Mmakua, yeye Mmakonde, sisi watani tangu mababu. Sasa huku Mmakonde akiulizwa kwao na mwanamke mtani wake hasemi kweli hata umkate. Anataja mahali pasipofikika, ng'ambo kule, kwenye vita, ili mwanamke asimfuate. Ni mila. Huyu kwao Chiwata, dada, shamba lao na letu limepakana. Nimemwona anakojoa kitandani huyu."

Shingo ya Jeneroza ikanyooka. "Ni mila?"

"Mila kubwa."

Akainama akaandika ukurasa, akageuza, akaandika mwingine, akageuza. Yohana akaniuliza kwa Chimakonde, "Umemwambia nini?" Nikamwambia, umezaliwa Chiwata. Akashika chuma chake. "Basi nifundishe kwetu," akasema. Ile Jumanne na Jumatano kila nikipita na majivu, na maganda, na kuni, nilikuwa namfundisha kwao: kanisa lilivyokaa, miamba ilivyo, mikorosho ya nani imepakana na ya nani, kisima kiko wapi. Alikuwa mwepesi. Kufikia Jumatano jioni alikuwa ananisahihisha.

Lakini zile kurasa mbili, nani ananiambia kuna nini? Niliona kichwa cha Jeneroza kilivyotulia alipokuwa anaandika. Mtu aliyedanganywa hatulii vile. Labda kaandika kijiji cha ng'ambo. Labda kaandika vyote viwili, halafu bwana wa ofisini achague. Alhamisi Jeneroza alipokwenda kuoga, maji ya kikombe kimoja, nikaingia chumbani na gunia. Gunia lilikuwa la korosho za kwetu, limepigwa chapa, na nilikuwa najua kwamba yale maandishi makubwa meusi yanasema Chiwata kwa sababu kila mtu alisema hivyo. Nikalitandaza juu ya kitanda, nikafungua daftari, nikatafuta mchoro unaofanana. Herufi ya kwanza kama pete iliyokatika, ya pili kama kiti. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Hakuna! Maandishi yake yote yalikuwa yameshikana mikono kama siafu wanahama, hakuna pete, hakuna kiti. Nilipomsikia anarudi nikatoka na gunia langu na hakika moja, Chiwata haimo. Basi kilichomo ni kile kingine.

Kesho yake ndiyo Ijumaa ya kupeleka madaftari. Nilishuka bondeni alfajiri kama kawaida, nikapanda na debe, na njia nzima nilikuwa nafikiri. Kuchoma daftari, moshi. Kuiba, watanipekua. Nilipoingia uani Jeneroza alikuwa mlangoni anachana nywele, madaftari yote yamepangwa mezani, yamefungwa kamba, tayari kwa ofisi. Nikapita na debe kichwani mpaka chumbani kwake kana kwamba namjazia mtungi. Nikasimama katikati ya ile sakafu yangu laini. Nikamwaga. Lote, wanangu, mpaka tone la mwisho, juu ya meza, juu ya madaftari, kisha nikajiangusha nikapiga kelele, mama nimejikwaa!

Watu walikuja mbio. Na mnajua walichosema? Hakuna hata mmoja aliyetazama madaftari. "Debe zima!" Mama Danieli kashika kichwa. "Debe zima, Salome! La bondeni!" Mzee Likwata kakohoa mpaka kakaa chini. "Hm-hm. Limekwisha lote? Hata nusu halikubaki?" Majirani wakawa wanapiga magoti wanakamua maji sakafuni kwa vitambaa, wakayaweka kwenye bakuli la kuku. Nilitukanwa kwa lugha tatu. Jeneroza peke yake ndiye ambaye hakunitukana. Akachukua madaftari yake, akafungua kamba, akayatoa nje akaanika kurasa moja moja kwenye mkeka, pembeni ya muhogo wetu uliokuwa unakauka, akaweka kijiwe juu ya kila moja. Na mimi namchungulia jikoni naona karatasi zinakauka, zinakunjamana kama ngozi ya bibi, lakini maandishi yako palepale! Ile kalamu ya biro, kumbe haiogopi maji. Debe zima, mlima ule, matusi yale, na hakuna herufi iliyoondoka.

Akaja jikoni. Akasimama mlangoni. "Salome, umejikwaa kwenye nini?"

Nikasema, palepale, dada, chumbani.

"Nimepatazama. Hapana kitu."

Nikainamia sufuria. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na sauti ya mtu yeyote ya kuazima. Akanitazama, akatazama dirishani kule kibandani, Yohana anapuliza makaa. Alikuwa amekaa Newala miezi tisa mtu huyu. Ameoga kwa kikombe miezi tisa. Akasema tu, "Kurasa zimeharibika. Nitanakili upya." Akajifungia chumbani, akaandika mpaka saa tisa alasiri, nasikia kalamu inakwangua, kisha akajifunga kilemba akaenda ofisini na daftari moja jipya. Yale ya zamani aliyafanya nini sijui. Sikumshukuru, nisiwadanganye. Nilijua ameandika vibaya zaidi. Amenigundua, sasa anatuandika wote wawili.

Jumatatu yule bwana wa ofisini akaja kwa miguu, na mgambo mmoja nyuma yake. Nilikuwa namenya vitunguu, nilikuwa na kisingizio cha machozi. Akaenda moja kwa moja kibandani. "Wewe ndiye Yohana wa Chiwata?"

"Ndiye, bwana. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekusoma." Akajipapasa tumbo. "Nimepita Chiwata mimi, kwenye mikutano. Ukitoka kanisani, kisima kiko kushoto au kulia?"

Mgambo kashika rungu. Kisu changu kimesimama kwenye kitunguu. Yohana akamaliza kwanza kupuliza makaa yake. "Inategemea, bwana, umetokea mlango gani. Ukitokea wa wanawake ni kulia."

Yule bwana akacheka mpaka tumbo likacheza. "Sawasawa kabisa!" Akamwita mgambo, mgambo akatoa nyuma ya mgongo wake debe la nyumbani kwa bwana, limetoboka chini. Wakaliacha, wakaondoka.

Jeneroza aliondoka baada ya mavuno ya korosho, kwa lori lilelile la kuelekea Masasi. Alinikumbatia, nikawa mgumu kama mchi. Nikamwambia safari njema dada, moyoni nasema hayo madaftari ya zamani yako ndani ya hilo sanduku. Na Yohana akaniuliza, siku mjomba wangu alipokuja kutoka Chiwata kupokea posa, "Salome, siku ile uliniuliza kwa ajili yako au kwa ajili ya daftari?" Nikamwambia niliuliza kwa ajili ya daftari, jibu nikalichukua mimi. Vita ikaisha, ng'ambo wakapata uhuru wao, watu wakarudi. Yeye hakurudi. Tukakaa naye miaka hii yote, na miaka hii yote likipita gari la serikali nilisimama mlangoni. Likija la sensa, namwambia yeye aende shamba, najibu mimi. Likija la vitambulisho, najibu mimi. Kila kalamu niliyoiona ilikuwa ya Jeneroza. Hata alipokuwa anakufa, padri anamuuliza jina la ubatizo, nilimjibia mimi.

Sasa nimeyasema haya yote, na Tumaini ameacha kuandika, mdomo wazi. "Kwa hiyo ile mila..." Nikamwambia twanga kisamvu. Akafungua makaratasi yake, amenakilisha kitabu cha Jeneroza chuoni, kurasa nyingi, Kiingereza kitupu. Nikamwambia nitafutie jina la babu yako. Akatafuta. "Hili hapa. Yohana, fundi, mzaliwa wa Chiwata." Kingine? "Hakuna kingine, Bibi." Nikamtazama machoni. Mimi nimekuwa mkalimani, najua mkalimani anavyoweza kuwa na huruma. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia soma kwa Kiingereza nisikie kama umo mji mwingine. Akasoma. Nilisikia Chiwata, nilisikia Newala. Kile kingine sikukisikia.

"Kuna kitu hapa mbele sikielewi," akasema. "Kwenye shukrani. Amemshukuru profesa wake, amemshukuru mama mwenye nyumba, halafu hapa mwishoni anasema..." Akakunja uso, anageuza Kiingereza kuwa Kiswahili. "'Na kwa mkalimani wangu, ambaye hakujikwaa.' Hakujikwaa? Bibi, hiyo maana yake nini?"

Hakuelewa. Na mtu hawezi kutunga asichokielewa. Kuku wakaingia kwenye kisamvu, sikuwafukuza. Miaka yote ile nasimama mlangoni kumngojea dada mmoja ambaye alishaninakilia upya mchana mmoja wa Ijumaa, akaenda zake Bukoba na shingo yake. Nikasema kwa sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu aondoke, waitu, hivi ni vidole vya nani, na Tumaini akadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Kisha akashika kalamu, mtoto wa chuo, hawakomi hawa. "Bibi. Babu alizaliwa wapi?"

Nikamwambia weka kalamu chini. Akaiweka. Nikaisogeza mbali na mkono wake, nikaikalia. Ndipo nikamvuta sikio, nikamwambia jina la kijiji, na jina la mjomba, na kwamba mtu akifika ng'ambo akamtaja ataonyeshwa njia. Alilirudia mara mbili, taratibu, analishika.

Nikainuka nikamrudishia kalamu yake. Nikamwambia, haya, sasa andika Chiwata.